Funk ya Texas, rap ya Gulu, na ile albamu ambayo bado naisubiri

Wiki hii nzima simu yangu inalia kitu kimoja tu, bendi ya watoto wa shule. Ndiyo, wa shule. Kuna sekondari moja Houston, Texas, inaitwa Kashmere High School, na kuanzia mwisho wa miaka ya 60 ilikuwa na bendi inayopiga funk mpaka unajiuliza hawa watoto walikuwa wanakula nini asubuhi. Mwalimu wao alikuwa Conrad O. Johnson, wao walimwita Prof tu, mtu wa jazz, siku moja akaenda kumwona Otis Redding jukwaani akarudi shuleni na wazo lake, kwamba kwani ni nani alisema bendi ya shule lazima isimame imekauka wakati inaweza kupiga huku inacheza? Akawatungia nyimbo, akawafundisha na hatua za miguu, wakaanza kufagia mashindano, wakatoa na santuri zao wenyewe. Halafu watoto wanamaliza shule wanakwenda zao, Prof akastaafu 1978, zile santuri zikabaki kwa wachache wanaojua. Ni mpaka 2006 ndipo lebo ya Now-Again ya California ikazikusanya zote kwenye albamu moja, Texas Thunder Soul 1968-1974, na mzee mwenyewe akawahi kuona. Alifariki Februari 2008 akiwa na miaka 92, siku chache tu baada ya wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi, kurudi kumpigia shoo.

Sasa Mganda akisikia bendi ya shule imeshinda mashindano wala hashtuki. Sisi tumekulia kwenye mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, kuna walimu wa muziki hapa nchi hii ambao wakikaribia mashindano hawalali na wanafunzi hawalali. Na Kampala ukikaa kidogo tu utakutana na brass band ya vijana, kwenye harusi, kwenye kampeni, siku ya uhuru tarehe 9 Oktoba, hata M-Lisada ilianzishwa na watoto wa mitaani wenyewe wakijifunza tarumbeta. Wapigaji tunao. Ile hatua ya pili ndiyo inatushinda, yaani mtu wa kuwasha mashine ya kurekodi, akaandika nani alikuwa kwenye besi na nani kwenye trampeti, akaweka karatasi mahali panya hawafiki.

Nataka kuzungumzia hizi albamu za mkusanyiko, hasa zile za kanda moja, maana nimezisikiliza nyingi na nina la kusema.

Kuna lebo ya London, Jazzman, ilitoa mfululizo wa funk ya Marekani kwa maeneo. Texas Funk, Midwest Funk, Florida Funk, Carolina Funk, California Funk. Ukiona majina unadhani ni ramani ya shule. Lakini ukisikiliza moja baada ya nyingine unaelewa kwa nini walifanya hivyo. Wakati ule kila mji ulikuwa na studio yake ndogo, redio yake, klabu zake na dijei wake anayependelea vijana wa nyumbani, bendi inarekodi wimbo upande A na upande B, wanachapisha nakala chache, wanauza mjini kwao na hazivuki mto. Kwa hiyo Florida inasikika Florida na Texas inasikika Texas, kama vile supu ya kongoro ya Arua na ya Mbarara zinatoka kwenye miguu ileile ya ng'ombe lakini huwezi kuzichanganya. Mwaka 2001 Stones Throw nao walitoa The Funky 16 Corners, jina wamelichukua kwa Highlighters, bendi ya Indianapolis. Indianapolis! Mji ambao mimi niliujua kwa mbio za magari tu. Na hiyo ndiyo raha yake. Mkusanyiko ukiandikwa "Best of Funk" utapewa zile nyimbo ambazo kila harusi inapiga. Ukiandikwa jina la mji usioujua, hapo fungua masikio.

Wale wasiojua funk ni nini, msikimbilie kamusi, sikiliza pigo la kwanza. James Brown alikuwa anawaambia watu wake kila kitu kiangukie kwenye "moja", besi, gitaa, ngoma, tarumbeta, wote mnakutana kwenye moja halafu katikati kila mtu ahangaike na vyake. Mtu aliyezoea ngoma za kwetu haimsumbui hata kidogo. Tena James Brown mwenyewe alifika hapa jirani, Kinshasa, Septemba 1974, lile tamasha la Zaire 74 lililotangulia pambano la Ali na Foreman, akapanda jukwaa moja na Franco, Miriam Makeba na Manu Dibango. Sisi wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, tunaoishi tumeegemea mpaka wa Kongo, muziki wa huko unatuingilia kwenye redio bila pasipoti tangu kitambo, kwa hiyo gitaa lenye funk kidogo ndani ya rumba kwetu si habari mpya, ni muziki wa jioni ukisubiri chakula.

Na hip hop imeingiaje hapo? Imeingia kwa mlango wa santuri. Tarehe 11 Agosti 1973 kule Bronx, New York, dijei Kool Herc kwenye sherehe ya dada yake aliona watu wanachangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake, akawa anakitafuta kipande hichohicho tu, kikiisha anakirudisha kwenye santuri ya pili, kikiisha anarudi ya kwanza. Hip hop yote imejengwa juu ya hicho kipande. Baadaye kidogo watu wakaanza kuvikusanya, Ultimate Breaks and Beats, kuanzia 1986 mpaka 1991, juzuu 25, na ukichukua rap ya Marekani ya miaka hiyo ukaichokonoa chini utakuta wamechota humo. Yaani mkusanyiko wa funk ndio ulikuwa jiko la hip hop. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia albamu moja haiwezi kubeba funk na hip hop pamoja namuangalia tu.

Lakini kuna upande wa hiyo hadithi unaouma. Kile kipande cha ngoma maarufu kuliko vyote, kile kinachoitwa Amen, kilipigwa 1969 na Gregory Coleman wa kundi la Winstons la Washington, sekunde kama sita hivi, zikasampowa, yaani zikakatwa na kubandikwa kwenye nyimbo nyingine, na dunia nzima, hip hop, jungle, matangazo ya biashara, kila kitu. Coleman alifariki 2006 hajapata hata senti kwa hizo sekunde sita. Wengi waliolitumia pigo lake hawakujua jina lake. Kumbukeni hilo jambo la jina, nitalirudia mpaka mchoke.

Kwa sababu sisi Uganda tuna mkusanyiko wetu, tena mkubwa, unaitwa nonstop. Panda taksi yoyote pale Old Taxi Park, panda basi la usiku la Arua, kabla hujafika Karuma umeshasikiliza nyimbo mia, moja inaingia kwenye nyingine huwezi kuona mshono. Na niseme ukweli, madijei wetu wa nonstop wana masikio makali kuliko wazungu wengi wanaotoa hizi albamu za santuri nzito za bei mbaya. Dijei wa nonstop anajua wimbo wa bendi wa miaka ya 80 unaweza kuzaa rap ya mwaka jana bila abiria kushtuka, anajua saa ngapi mama wa kiti cha tatu anataka Lingala na saa ngapi vijana wa nyuma wataanza kulalamika. Hiyo ni elimu. Tatizo ni kwamba nonstop inameza majina. Anapiga kelele jina lake yeye, anataja namba ya simu ya kumkodi kwa harusi, anataja tajiri fulani wa mjini aliyempa chochote, lakini aliyeimba? Aliyepiga besi? Hakuna.

Kuna kijana mmoja ana kibanda cha komputa karibu na ninapokaa, anajazia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Spika moja nje, nyaya zimefungwa kwa selotepu, na kwenye skrini folda zake zimepangwa hivi, BAND, OLD IS GOLD, LINGALA HOT, UG HIPHOP, NORTHERN, MIX MIX. Nilimwomba anifungulie OLD IS GOLD. Nyimbo zaidi ya mia nane, na zaidi ya nusu zinaitwa Track 04, Track 11, Track 04 (1), nyingine imeandikwa tu "mzee wa kofia". Nikamuuliza, braza, huyu mzee wa kofia ni nani? Akacheka, akasema, "Mimi nilimkuta hapo hapo, ila wateja wanampenda sana." Ukiusikiliza huo wimbo una besi moja inatembea chini chini, tarumbeta mbili, ngoma imekauka kabisa haina mwangwi, na katikati kila mtu ananyamaza anabaki mpiga ngoma peke yake kwa muda. Kool Herc angeukodolea macho. Nani alipiga? Mzee wa kofia.

Sasa twende kwenye mikusanyiko ya huku kwetu maana si kwamba haipo. Mwaka 2013 Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, nyimbo za miaka ya 70 na 80, ya pili ikafuata 2016. Ile ya kwanza naipenda mpaka leo. Humo kuna Hafusa Abasi na Slim Ali wakiimba Sina Raha na Yahoos Band, Kiswahili cha pwani juu ya pigo la soul, ukiisikia unataka kuchana mistari hapohapo hata kama hujui kuchana. Lakini usisahau kwa nini Kenya inapata juzuu mbili na sisi tunapata wimbo wa kudokoa hapa na pale. Wakati ule Nairobi ndiko kulikuwa na makampuni makubwa, studio za maana na kiwanda cha kuchapisha santuri, kwa hiyo mwanamuziki wa Kampala akitaka kusikika alibeba gitaa akapanda treni. Charles Ssonko, Mganda, alikuwa ndani ya Equator Sound Band pamoja na Fadhili William na Daudi Kabaka. Sammy Kasule alijijengea jina Nairobi. Cranes Band ambayo ndiyo mama wa bendi nyingi za hapa, humo walipitia Moses Matovu na Philly Lutaaya, nao walirekodi huko. Ukinunua mkusanyiko wa "Kenya" kuna Waganda wamelala ndani yake kimya. Siwalaumu Wakenya, wao walikuwa na mashine.

Halafu sisi tukapata ya kwetu. Januari 1971 Amin akachukua nchi, mwaka uliofuata Wahindi wakafukuzwa, na maduka mengi ya vyombo na santuri yalikuwa yao, kwa hiyo biashara ikakatika. Watu wengine wakikumbuka muziki wa wakati huo wanaona giza tupu, lakini sivyo. Afrigo ilizaliwa 1975 katikati ya hayo yote na Matovu na saksafoni yake mpaka leo wapo. Na kambi za jeshi zilikuwa na bendi. Suicide Revolutionary Jazz Band, jina tu linakutisha, ilikuwa bendi ya wanajeshi. Vyombo vizuri vilikuwa kambini, mshahara ulikuwa kambini, mpigaji angekwenda wapi?

Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, kuna mzee mmoja Mnubi, siwezi kumtaja, alipiga tarumbeta jeshini enzi hizo na sasa analima mihogo na kulalamikia goti. Nilipompelekea simu yangu na ile bendi ya Kashmere alisikiliza amefumba macho, kidole kinagonga kwenye mkongojo. Akaniuliza, "Hawa ni kikosi gani?" Nikamwambia mzee wangu, hawa si wanajeshi, ni watoto wa sekondari wa Marekani. Akafungua macho akaniangalia kama namdanganya. "Basi mwalimu wao alikuwa na adabu kali. Sikia hapo, tarumbeta zinakata pamoja, hakuna anayebaki nyuma. Sisi mtu akibaki nyuma alikuwa anazunguka uwanja na tarumbeta kichwani." Halafu, bila kuombwa, akaanza kunitajia wapigaji wa bendi yao, mpiga ngoma huyu wa Koboko, besi huyu wa Yumbe, trampeti ya pili Mwacholi mmoja aliyependa pombe, huyu alikimbilia Sudan 1979 Amin alipoanguka, hakurudi. Alinitajia kwa Kiswahili, kwa sababu muziki ule ulipigwa kwa Kiswahili, mazoezi kwa Kiswahili, matusi kwa Kiswahili. Hicho ndicho Kiswahili ambacho Waganda wengi wa kusini walikiogopa miaka yote wakisema ni lugha ya bunduki, mpaka 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe shule zote. Kuna kijitabu kizima cha albamu kichwani mwa huyo mzee na hakuna albamu.

Hip hop sasa. Hapa mkusanyiko ninaouheshimu ni Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania, ulitoka 2004 kwa lebo ya Out Here ya Munich, Ujerumani. Kwa kijana wa Arua anayejua Kiswahili cha sokoni na cha barabarani ilikuwa kama mtu amefungua dirisha, rap ninayoielewa bila kumsubiri mtu anitafsirie. Mwaka huohuo Out Here walitoa na albamu ya X Plastaz wa Arusha waliokuwa na Mmaasai anaimba kimaasai katikati ya mistari, na hapo ukaona kwamba hata Tanzania yenyewe si Dar peke yake. Arusha ina baridi yake na rap yake.

Kampala wakati huo tulikuwa na ugomvi wa lugha. Klear Kut walikuja na Kiingereza safi, wakali, redio zikawapenda. Bataka Squad na Babaluku wakasema hapana, tunachana Kiluganda, wakaiita Lugaflow, watu wakawacheka kwanza halafu wakanyamaza. Akaja GNL Zamba akaifikisha mpaka kwa mama muuza nyanya. Mimi si Muganda wa Buganda na sikujua nusu ya alichokuwa anasema GNL lakini nilikuwa naimba naye neno kwa neno, hiyo ndiyo ilinionyesha kwamba Acholi anaweza, Mlugbara anaweza, Mkiga anaweza. Kama Kiluganda kinaingia kwenye pigo kwa nini Kilugbara kisiingie.

Na mtu aliyefunga huo mjadala kwangu ni MC Yallah. Anachana Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, mara nyingine ndani ya wimbo mmoja, na haombi msamaha kwa lugha yoyote kati ya hizo. Albamu yake Kubali ilitoka 2019 kwa Hakuna Kulala, lebo ya hapahapa Kampala, ndugu yake Nyege Nyege Tapes. Hawa Nyege Nyege nawasema vizuri na nawasema vibaya. Vizuri kwa sababu wao ndio walikwenda kutafuta muziki wa mitaa ambao redio zetu ziliuona wa kishamba. Sounds of Sisso ya 2017 ilichukua singeli ya studio moja ya Dar, studio moja tu!, ikaipeleka dunia nzima. Vibaya, kwa sababu hizo santuri zinauzwa Ulaya kwa bei ambayo huku ni karo ya muhula, na hao abiria wa taksi ninaowasema hawajui hata kama ipo. Lakini heri hivyo, angalau majina yapo.

Wamefanya hata na Gulu, mji wa Waacholi huko kaskazini. Electro Acholi Kaboom ni mkusanyiko wa muziki wa kaskazini wa miaka ya 2000, na kuna ile ya Otim Alpha, Gulu City Anthems, aliyotengeneza na prodyuza Leo Palayeng. Ukitaka kujua muziki unavyozaliwa kwa shida sikiliza hiyo. Larakaraka ni ngoma ya vijana wa Kiacholi ya kuchumbiana, inataka kundi zima la watu, kila mmoja na kibuyu chake anakikwaruza kwa njiti za baiskeli, ndio ule mlio wa shaa-shaa-shaa unaokimbia. Vita vikaja, watu wakajazana kambini, harusi hazina pesa ya kulisha kundi zima la wachezaji, basi Leo na Otim wakavipeleka vile vibuyu kwenye komputa. Mwimbaji mmoja, kibodi moja, harusi inaendelea. Wasiojua wanasema hiyo si hip hop. Sawa, lakini niambie, mtu mmoja anayebeba bendi nzima kwenye mashine kwa sababu hela ya bendi haipo, hiyo si ndiyo Bronx?

Basi albamu ninayoisubiri ni hii, na mtu yeyote mwenye pesa na muda aichukue bure. Isiwe ya Uganda nzima. Ukisema Uganda nzima Kampala itakula nyimbo kumi na sisi wengine tutabakiwa na mbili za mwisho. Iwe ya kanda moja na mimi kwa upendeleo nasema West Nile, kutoka Pakwach mpaka Koboko. Waalur wana adungu, kinubi cha nyuzi, na lile adungu kubwa la chini ni besi, hakuna jina lingine, mpigaji mzuri anaangusha "moja" kwa kidole gumba mpaka kifua kinatikisika. Walugbara wana agwara, zile tarumbeta ndefu, kila mpuliza na sauti yake moja anasubiri zamu yake, zikikutana unapata sehemu nzima ya tarumbeta ambayo James Brown angelipia. Weka hapo bendi za kambini za miaka ya 70, weka kwaya za adungu za kanisani zenye gruvu ambayo padri haijui, halafu weka vijana wa Arua wa leo wanaochana Kilugbara na Kiswahili na Lingala kidogo. Zipangwe kwa masikio ya nonstop, sio kwa mwaka kama kitabu cha historia, agwara izae rap, rap irudi kwenye bendi. Na iwe na kijitabu kinene, nani alipiga nini, wapi, kifaa gani, nani yuko hai.

Mtu asiniambie haiwezekani. Nairobi kuna Ketebul Music ya Tabu Osusa, walikwenda wakawatafuta wazee wa funk ya Kenya waliobaki, wakawahoji, wakatoa Retracing Kenya's Funky Hits yenye muziki na video na kitabu ndani. Hawakusubiri London. Na hapa Makerere kuna hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, mtafiti wa muziki, rekodi alizofanya Uganda tangu miaka ya 40 na 50 zilikuwa Uingereza na nakala zimerudi nyumbani. Za kijijini zimerudi, za umeme ndizo zinaoza kwenye masanduku chini ya vitanda.

Pagumu ni karatasi, hapo sidanganyi mtu. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, sawa, vizuri, lakini wimbo wa bendi ya kambi mtunzi ni nani? Hakukuwa na mkataba, kulikuwa na amri. Ukitaka kuutoa leo unamlipa nani, familia ya mwimbaji, familia ya mpiga besi wa Yumbe, jeshi? Lebo za Ulaya huwa zinamtafuta mtu mmoja anayekubali kusaini, zinamlipa, basi. Mimi naona bora kuweka orodha yote ya waliokuwepo siku hiyo na kugawa sawasawa, hata kama kila mmoja atapata hela ya sukari, kuliko kumtajirisha mpwa mmoja mjanja aliyejitokeza na kitambulisho. UPRS, chama cha haki za wanamuziki hapa Uganda, wapo kwa ajili ya hesabu za namna hii, na familia nyingi hazijawahi hata kusajili wimbo mmoja. Kazi ya kuzisajili ianze hata kabla ya kutafuta studio, kwa sababu pesa ikishaonekana kila mtu anakuwa ndugu wa mpiga tarumbeta.

Kwa mpangilio, mimi ningefungua na agwara peke yake, bila kusafishwa sana, na vumbi lake. Wa pili bendi ya kambini. Wa tatu tugombane, kijana wa kibanda anataka mzee wa kofia awe hapo na mimi nasema hapana, mpaka jina lake lipatikane haingii popote. Upande wa pili wote rap, isipokuwa adungu moja katikati watu wapumue. Na kama ni lazima dijei apige kelele juu ya muziki, basi apige kwenye wimbo wa mwisho tu, na yeye jina lake tuliandike kwenye kijitabu, chini kabisa, herufi ndogo.